Mkalimani wa Lugha ya Ishara Mahali pa Kazi: Historia Fupi kwa Kuangalia Magarini na Pwani ya Kenya

1. Utangulizi

Pwani ya Afrika Mashariki ina historia ndefu ya ukalimani. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, msafara wake ulikuwa na watu waliojua Kiarabu, na miongoni mwao anayekumbukwa zaidi ni Fernão Martins. Hata kabla ya hapo, wafanyabiashara wa Bara Hindi, Uarabuni na Uajemi walikuwa wamekwisha kuzoea kupatana bei na wenyeji kwa kinywa cha mtu wa tatu. Utawala wa Kiingereza ulipowekwa, mkalimani alikuwa mtu wa lazima katika baraza la Bwana Shauri na katika mahakama, na mara nyingi haki ya raia ilitegemea uaminifu wa ulimi wake.

Ukalimani huo wote, hata hivyo, ulikuwa wa mdomo na sikio. Mtu aliyezaliwa kiziwi, au aliyepoteza usikivu kwa maradhi angali mtoto, hakuhesabiwa kuwa mtu wa lugha nyingine anayestahili kutafutiwa mkalimani. Alihesabiwa kuwa mtu asiye na lugha. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi fikira hiyo ilivyobadilika nchini Kenya, na jinsi mkalimani wa lugha ya ishara alivyopata kutambuliwa kwanza na shule, kisha na chuo kikuu, na hatimaye na sheria. Aidha, makala yanakusudia kuonyesha kwamba mahali pa kazi ndipo utambuzi huo unapopimwa kwa ukali zaidi. Eneo litakalotumiwa kuwa mfano ni Magarini, kaskazini ya mto Sabaki katika Kaunti ya Kilifi. Hoja kuu ni kwamba mkalimani peke yake hatoshi. Wale wasikiao, wawe wasimamizi au wafanyakazi wa kawaida, hawana budi kufundishwa uziwi ni nini, kwani Kiswahili wanachokitumia kazini kimewazoeza kuamini kwamba kusikia na kuelewa ni jambo moja.

2. Kusikia, Kuelewa na Kutii

Yafaa tuanze na lugha yenyewe. Katika Kiswahili, kitenzi "kusikia" kina eneo pana la maana. Mtu husikia sauti, lakini pia husikia njaa, baridi, maumivu na harufu. Zaidi ya hayo, kusikia ni kuelewa, na kusikia ni kutii. Msimamizi amalizapo kutoa amri huuliza, "Umesikia?", naye hataki kujua kama sauti yake imefika sikioni; ataka kujua kama amri imeeleweka na kama itatekelezwa. Mtoto mwenye adabu huitwa msikivu. Methali nazo zinakaza uzi huo huo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa. Katika methali hizi kutosikia ni ukaidi, na ukaidi una malipo yake.

Hapana shaka kwamba wasemaji wa Kiswahili hawakutunga methali hizi kwa kuwalenga viziwi. Lakini mzungumzaji hubeba mazoea ya lugha yake hata pale asipokusudia. Kibarua asiyegeuka anapoitwa kutoka nyuma huonekana mjeuri. Akitazama midomo ya msimamizi na kuitikia kwa kichwa, huchukuliwa kwamba amesikia, yaani amekubali. Kumbe kuitikia kwa kichwa aghalabu ni njia ya kiziwi ya kukwepa aibu ya kuomba maneno yarudiwe mara ya tatu mbele ya watu.

Ama kuhusu majina, neno "kiziwi" limezusha ubishi. Wako wasemao kwamba umbo la ki-vi humshusha mtu, kwa kuwa ndilo umbo la vitu na la udogo. Hoja hii haina nguvu sana. Kiongozi, kinyozi na kijana nao wana umbo hilo hilo, na upatanisho wa kisarufi katika majina yote haya ni wa viumbe wenye uhai: kiziwi amefika, viziwi wamefika. Isitoshe, viziwi wenyewe wamelikubali neno hilo. Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA, kilichoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kimelibeba katika jina lake. Neno wanalolikataa ni "bubu", na wana sababu. Bubu ni mtu asiyesema, hali kiziwi hasemi kwa sauti kwa sababu tu hakupata kuisikia sauti. Viungo vyake vya kusemea kwa kawaida ni vizima, na lugha anayo mikononi.

Jina la lugha yenyewe nalo lina historia. Tanzania imechagua "lugha ya alama", Kenya imechagua "lugha ya ishara". Kila moja ina upungufu wake. Alama ni chapa inayobaki baada ya tendo, na ishara katika matumizi ya kila siku ni dokezo la kupungia mkono au kukonyeza jicho. Mtu akisikia "ishara" hudhani ni vitendo vya kubahatisha ambavyo kila mwenye akili angevifahamu bila kufundishwa. Dhana hiyo ilivunjwa kitaalamu mwaka 1960, William Stokoe alipochapisha uchambuzi wake wa lugha ya viziwi wa Marekani na kuonyesha kwamba kila ishara huundwa kwa visehemu: umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake. Kubadili kisehemu kimoja huweza kubadili maana, kama vile kubadili fonimu moja kunavyotenga "paka" na "taka". Lugha za ishara zina sarufi. Wala si moja duniani kote, kwani Mmarekani na Mwingereza wenye Kiingereza kimoja cha mdomo hutumia lugha mbili za ishara zilizo mbali kabisa.

3. Shule na Mikono Iliyokatazwa

Mafunzo ya viziwi kwa ishara yalipata umaarufu Ulaya katika karne ya 18, hasa kwa kazi ya padri de l'Épée mjini Paris. Mnamo mwaka 1880, mkutano wa walimu wa viziwi uliokutana mjini Milano, Italia, uliamua kwamba mafundisho ya kusema kwa mdomo ndiyo bora, na kwamba ishara ziondolewe madarasani. Uamuzi huo ulitawala elimu ya viziwi kwa miongo mingi, nao ulivuka bahari pamoja na walimu na vitabu.

Nchini Kenya, elimu ya viziwi ilianza kupangwa mwaka 1958 kwa kuundwa chama cha kuwahudumia watoto viziwi, na shule za Mumias na Nyang'oma zilianzishwa mwaka 1961. Katika miaka hiyo mafundisho yalifuata njia ya mdomo. Mtoto alikalishwa mbele ya kioo, akafundishwa kutazama midomo na kutoa sauti asiyoisikia. Mikono ilikatazwa. Lakini lugha haizuiliki kwa kanuni. Watoto walipokwenda bwenini na uwanjani walizungumza kwa mikono, na wakubwa wakawafundisha wadogo. Shule zilizokusudiwa kuifuta ishara ndizo zilizowakusanya viziwi mahali pamoja, na hivyo zikawa chimbuko la lugha ambayo leo huitwa Lugha ya Ishara ya Kenya.

Mabadiliko yalikuja katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Michael Ndurumo, msomi kiziwi aliyepata shahada ya uzamivu Marekani, alipigania njia ya kuchanganya ishara, maandishi, sauti na midomo darasani. Shule ya viziwi ya Machakos ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuifuata njia hiyo. Mwaka 1986 ilianzishwa taasisi ya taifa ya kufundisha walimu wa elimu maalumu, na mwaka huo huo viziwi wakaunda chama chao cha taifa. Ishara zilizoingizwa madarasani, hata hivyo, zilipangwa kwa kufuata neno kwa neno mpangilio wa Kiingereza. Hivyo mwanafunzi alikuwa na ishara za bwenini zenye sarufi yake mwenyewe, na ishara za darasani zenye sarufi ya lugha ya kigeni.

Je, katika kipindi hicho mkalimani alikuwa nani? Alikuwa dada, mama, mwalimu wa shule, mtu wa kanisani, au mtoto asikiaye wa wazazi viziwi. Alikalimani kwa hisani. Watu hawa walifanya kazi kubwa, na bila wao viziwi wengi wasingepata kuingia hospitalini wala mahakamani. Lakini hisani ina mipaka. Ndugu hufupisha, huficha habari mbaya, hujibu kwa niaba ya mwenziwe, na siri ya mtu huwa siri ya ukoo. Marekani ilikutana na tatizo hilo mapema, na mwaka 1964 wakalimani wa huko wakaunda orodha yao ya kitaaluma. Wakalimani wa Kenya waliunda chama chao mwaka 2000. Tangu hapo kazi hiyo ikaanza kuwa na miiko: kufasiri yote yaliyosemwa, kutoongeza, kutopunguza, kutoshauri, na kutunza siri.

4. Mchango wa Chuo Kikuu

Wasomi wa lugha za Kiafrika wana sehemu yao katika historia hii. Mwaka 1991 ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya, chini ya uongozi wa mwanaisimu Okoth Okombo, aliyefariki mwaka 2017. Mwaka huo huo wa 1991 chama cha viziwi kilitoa kamusi ya ishara. Umuhimu wa hatua hizi haukuwa katika kuhesabu ishara tu. Zilithibitisha kwamba mzungumzaji kiziwi anaweza kuchunguzwa kwa vipimo vile vile vinavyotumiwa kuchunguza Kijaluo, Kigiriama au Kiswahili, na kwamba yeye mwenyewe ndiye mjuzi wa lugha yake.

Hapa kuna jambo linalowahusu moja kwa moja walimu wa Kiswahili. Katika mitihani ya taifa, mtahiniwa kiziwi aliruhusiwa kufanya karatasi ya Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya karatasi ya Kiswahili. Mpango huo ulikuwa wa haki, maana uliacha kumpima mtoto kwa insha na sarufi za lugha asiyoisikia. Lakini una matokeo yake. Kiziwi aliyesoma kwa njia hiyo huandika na kusoma Kiingereza zaidi kuliko Kiswahili. Anapoajiriwa pwani, anaingia mahali ambapo Kiswahili ndicho chombo cha kazi: mapatano, maonyo, mizaha na amri, vyote hupita kwa Kiswahili. Msimamizi anayemwandikia kwa Kiswahili kizuri huku akiamini kwamba ameondoa kizuizi, huenda ameongeza kingine.

5. Ahadi ya Sheria

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilikataza ubaguzi katika ajira, na ikalitaka baraza la taifa lililoundwa nayo lijitahidi kutenga asilimia 5 ya nafasi za kazi, zikiwamo za vibarua, katika sekta ya umma na ya binafsi. Sheria mpya iliyopitishwa mwaka 2025 ilichukua mahali pake. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, mkataba ambao katika ufafanuzi wake wa lugha unazitaja lugha za ishara pamoja na lugha za sauti. Katiba ya mwaka 2010 iliongeza uzito: kifungu cha 7 kinaitaka serikali kuendeleza Lugha ya Ishara ya Kenya, kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuitumia, na kifungu cha 120 kinaifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Vifungu hivi vinajulikana. Visivyotajwa sana ni vile vya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ingawa kwa mfanyakazi ndivyo vilivyo karibu zaidi na mkate wake. Kifungu cha 9 kinamtaka mwajiri kuhakikisha kwamba mkataba unaelezwa kwa lugha anayoielewa mwajiriwa, ikiwa hajui kusoma au haielewi lugha iliyotumiwa. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa au kwa utendaji hafifu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na asikilize utetezi wake. Mtunga sheria huenda aliwawazia wafanyakazi wasiojua Kiingereza. Lakini maneno ya sheria hayana mipaka hiyo. Ikiwa Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha, kama Katiba inavyokiri, basi kiziwi aliyefukuzwa kwa barua aliyopewa mkononi na kuonyeshwa mlango hakuelezwa kwa lugha anayoielewa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pia ya mwaka 2007, nayo inamdai mwajiri atoe maelezo na mafunzo yahitajikayo kwa usalama. Maelezo yasiyofika hayawezi kuhesabiwa kuwa yametolewa.

6. Magarini

Magarini ina vijiji na miji midogo ya Mambrui, Gongoni, Ngomeni, Fundisa, Adu na Marafa. Historia ya kazi katika eneo hili ni historia ya lugha nyingi. Nyumbani wengi husema Kigiriama. Sokoni na kazini ni Kiswahili. Ofisini ni Kiingereza. Waitaliano walijenga Ngomeni kituo chao cha kurushia vyombo vya angani, na kutoka jukwaa lake la baharini setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaja mradi mkubwa wa kuwapatia watu mashamba kwa msaada wa Australia. Kisha kuna chumvi: maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, jua huyakausha, chumvi hukwanguliwa, hurundikwa na kubebwa kwa matrekta na malori. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu uzalishaji wa chumvi Magarini, na ripoti yake ilitolewa mwaka 2006. Ardhi, mazingira na hali ya wafanyakazi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa. Hivyo basi, swali la namna mfanyakazi anavyotendewa si geni katika eneo hili.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu nchini Kenya watu zaidi ya 150,000 wenye umri wa miaka 5 na zaidi waliokuwa na matatizo ya kusikia. Vijana viziwi wa pwani husoma katika shule kama ile ya Kibarani, Kilifi, na ile ya Ziwani, Mombasa, kisha hurudi kwao kutafuta kazi. Wengine hawakufika shule, na wana ishara za nyumbani tu zinazofahamika na jamaa zao. Kwa hiyo neno "kiziwi" linakusanya watu wenye mahitaji mbalimbali ya lugha, na mkalimani aliyefunzwa Nairobi huenda akahitaji msaada wa kiziwi mwenzi anayezijua ishara za nyumbani ili ujumbe ufike.

Tuchukue mfano wa kazi ya bwawani. Trekta hurudi nyuma likipiga honi, king'ora hulia, mtu hupiga kelele, "Toka!" Maonyo yote matatu ni ya sikio. Kwa mfanyakazi kiziwi yahitajika taa inayomweka, bendera, njia ya kupita matrekta iliyotengwa, na mwenzi wa kazi anayejua kumgusa bega au kuingia katika upeo wa macho yake. Haya hayahitaji mkalimani; yanahitaji wasikiao waliofundishwa. Mkalimani huhitajika panapokuwa na maelezo marefu: siku ya usaili, siku ya kutia sahihi mkataba, mafunzo ya usalama, mkutano wa chama cha wafanyakazi, na zaidi ya yote siku ya mashtaka ya nidhamu.

Kazi yake hapo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Chukua sentensi fupi ya Kiswahili: "Usiwashe mashine kabla mwenzako hajatoka." Kiswahili kimetia ukanushi mara mbili, na mfuatano wa matendo umepinduliwa: linalopaswa kutukia kwanza limesemwa mwisho. Mkalimani hawezi kuifuata neno kwa neno. Hana budi kuipanga upya katika nafasi iliyo mbele yake: mashine iko hapa, mwenzako yuko ndani, anatoka, unamwona ametoka, ndipo unawasha. Uso wake nao unasema, kwa kuwa katika lugha ya ishara nyusi na kichwa hubeba ulizi na ukanushi. Msimamizi asiyejua haya humharakisha, au humshuku kwamba anaongeza yake.

Ndiyo sababu mafunzo kwa wasikiao hayana budi kutangulia. Yaliyomo si mengi. Msimamizi amtazame kiziwi, asimtazame mkalimani, na aseme "wewe" badala ya "mwambie". Mkalimani asimame karibu na msemaji, mwanga usiwe nyuma yake. Watu waseme mmoja mmoja. Penye kikao kirefu wawepo wakalimani wawili wa kupokezana, kwani akili huchoka na makosa huingia. Karatasi za mkutano zitolewe mapema. Na swali la "Umesikia?" liachwe, badala yake mfanyakazi aombwe aeleze mwenyewe, kwa ishara zake, atakalofanya. Hapo ndipo itakapojulikana kama ameelewa, na kwa kweli swali hilo lingewafaa hata wasikiao.

Linalobaki ni gharama. Wakalimani waliohitimu huishi zaidi mijini, na safari ya kwenda Gongoni au Marafa ni ya kulipiwa. Mwajiri mdogo huona rahisi kumwita kibarua mwingine anayejua ishara kidogo. Kwa kuelekezana kazi ya kila siku njia hiyo yafaa, na yapasa kutiwa moyo. Lakini katika mashtaka ya nidhamu ni hatari, maana mkalimani huyo naye anamtegemea mwajiri yule yule kwa ujira wake, na huenda ndiye shahidi. Haki haiwezi kupimwa kwa mizani inayoshikwa na mmoja wa wenye ugomvi.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba mkalimani wa lugha ya ishara nchini Kenya ametoka mbali: kutoka hisani ya ndugu hadi taaluma yenye chama, na kutoka ishara zilizokatazwa darasani hadi lugha rasmi ya Bunge. Hata hivyo njia kutoka Bungeni hadi bwawa la chumvi ingali ndefu. Idara za lugha za Kiafrika zinaweza kuifupisha kwa mambo matatu. Kwanza, kuchunguza ishara za kazi zinazotumiwa na viziwi wa pwani, katika chumvi, uvuvi, hoteli na mashamba, pamoja na ishara zao za nyumbani. Pili, kuwafunza wakalimani wanaoweza kutoka Kiswahili moja kwa moja kwenda Lugha ya Ishara ya Kenya bila kupitia Kiingereza. Tatu, kuwafundishia viziwi watakao Kiswahili cha kuandika, kwa njia ya macho na kwa msingi wa lugha yao.

Mpaka hayo yatakapofanyika, kiziwi wa Magarini ataendelea kuulizwa "Umesikia?", ataendelea kuitikia kwa kichwa, na wote wawili wataondoka wakidhani kwamba wameelewana.